Mke Mdogo wa Baba

Hapa Milanzi, mjini Sumbawanga, nyumba ya tatu kutoka kwangu, kuna fundi anayechomelea mageti. Kelele zake nimezizoea, hata sizisikii. Lakini wiki iliyopita nilikuwa natoka sokoni, nikamkuta amechovya kipande cha chuma chekundu kwenye ndoo. Maji yakalia, mvuke ukapanda, na ile harufu ikanipata kabla sijajiandaa: kutu, majivu, maji yaliyoungua. Nilisimama pale na kikapu cha nyanya mkononi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikajikuta naangalia chini kutafuta gogo ili nisije nikalivuka.

Gogo lenyewe lilikuwa kule kwetu, upande wa Chala, kwenye kijiji cha zamani tulichokaa kabla ya watu wote kuambiwa wahamie vijiji vya ujamaa. Lilikuwa limelazwa hatua kama kumi kutoka kwenye banda la baba la kufulia chuma. Sisi wa kike mwisho wetu ulikuwa pale.

Baba alikuwa mhunzi, mtoto wa mhunzi. Babu yake alikuwa miongoni mwa watu waliochoma mawe na udongo mwekundu katika malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambayo hadi leo utayakuta yamesimama peke yake katikati ya mashamba ya Ufipa. Baba mwenyewe hakuwahi kuyeyusha chuma. Wakati wake chuma kilitoka kwenye springi za malori yaliyofia njiani, akizibeba begani kutoka barabarani. Lakini miiko ya malungu aliirithi yote, akaihamishia bandani. Mwanamke haingii. Si mama, si shangazi, si mimi. Hata akiwa na jambo la haraka kiasi gani, anasimama kwenye gogo na kuita.

Kazi yangu ilikuwa kupeleka chakula. Ugali wa ulezi ndani ya kikapu kilichofunikwa, maharage kwenye bakuli la bati. Naweka juu ya gogo, naita, "Baba, chakula!" Kimya. Naita tena. Kimya. Mara nyingi niliita mpaka mara tatu au nne kabla ya kaka yangu Kasiano kunisikia na kutoka. Nilikuwa na miaka tisa hivi, na nilijua kabisa maana ya kimya kile: baba hataki kusumbuliwa na mimi. Niliondoka bila kugeuka, ingawa kesho yake niligombea tena kikapu kile kisipelekwe na mtu mwingine.

Wenzangu mliokulia Ufipa mnaukumbuka ule upepo wa mwezi wa sita, unaokata masikio, hakuna mti wa kuuzuia. Kila mtu alikuwa anatafuta pa kuota moto, na moto mzuri kuliko yote kijijini ulikuwa wa baba. Niliuona kwa vipande tu. Nyasi za paa la banda zilishuka karibu ziguse ardhi, ukiwa kwenye gogo unaona miguu ya baba, miguu ya Kasiano, na wekundu unaowaka na kufifia chini ya ukingo wa nyasi. Na unasikia pumzi. Huu, haa. Huu, haa. Ilikuwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi ambayo Kasiano aliisukuma kwa mikono miwili, lakini mimi mivukuto sikuwahi kuiona. Mimi nilisikia mtu anahema.

Kosa lilianzia kwa Shangazi Fausta. Huyu alikuwa dada yake baba, mjane, tukikaa naye, na kazi yake kubwa ilikuwa kumtania mama. Jioni moja baba alichelewa kurudi kula, na shangazi akasema huku anapepeta ulezi, "Wifi, funika tu hicho chakula. Mume wako leo yuko kwa mke mdogo."

Mama akacheka kidogo, kicheko kilichochoka. "Muache akae naye. Huyo ndiye anayetulisha."

"Na wivu wake unaujua. Akimwona mwanamke mwingine anakasirika, kazi yote inaharibika."

Leo najua walikuwa wanaongelea moto. Wazee walikuwa wanasema hivyo, kwamba tanuru ni kama mke, mhunzi akiwa naye hatakiwi kuingiliwa na mwanamke mwingine. Ulikuwa usemi wa watu wa kazi ile. Lakini mtoto wa miaka tisa hasikii mafumbo halafu akayaelewa. Mimi niliyakusanya: miguu, wekundu, pumzi, mwiko, mwanamke mwenye wivu. Nikajua kwamba ndani ya lile banda baba alikuwa na mke mwingine, na kwamba amefichwa mle tusimwone.

Nilimuuliza Kasiano. Alikuwa amenipita miaka minne, macho yake mekundu daima kwa moshi, na banda alilichukia waziwazi. "Yukoje?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Yule wa mle ndani."

Akaniangalia, akaona pa kuchezea. "Ana moto huyo. Ukimsogelea tu anakuunguza."

"Ni mzuri?"

"Baba anamwona mzuri," akasema, akaonyesha alama ya kuungua kwenye mkono wake. "Mimi hapana."

Basi nikathibitisha. Kilichonitesa zaidi ni kwamba tulikuwa Wakatoliki wa kweli, na nilikuwa kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza. Katekista alikuwa ametueleza vizuri habari ya mwanaume mwenye wake wawili, kwamba hawezi kupokea. Jumapili namwona baba amevaa koti lake jeusi, ananyanyuka, anapanga mstari, anapokea, anarudi na kichwa kimeinama. Nilifumba macho nisione kitakachompata. Siku ya kitubio changu cha kwanza nilimwambia padri nimeiba karanga, nimemtukana mwenzangu, na baba yangu ana mke mwingine anayemficha bandani. Padri akasema, "Mwanangu, tubu dhambi zako. Za baba mwachie baba." Nilitoka nikiamini kwamba hata padri anajua.

Sikumchukia yule mwanamke, ndivyo ningependa niwaambie. Nilimwonea kijicho. Alikaa na baba mchana kutwa. Nilipopata nafasi nilikwenda kukaa kwenye gogo na kazi yangu, nikipukuchua mahindi au kuchambua maharage, nikisikiliza jinsi anavyoishi. Pumzi zake nilizijua. Na zaidi ya pumzi nilijua nyundo. Chuma kikitoka motoni kinapigwa na sauti yake ni nzito, du, du, kama kupiga udongo. Halafu taratibu sauti inapanda, inakuwa nyembamba, na mwisho inalia ti, ti, kama kengele ndogo. Ikifika hapo nyundo inanyamaza na pumzi zinaanza tena. Sikujua kwamba hayo ni mafunzo. Nilidhani baba na mke wake wanaongea, na mimi nasikiliza maongezi ya watu. Lakini baada ya muda nilikuwa nikikaa pale naweza kusema, sasa anafua jembe, sasa ni mundu, hicho ni kisu, na hicho kimeharibika, baba atakitupa. Na kweli kitu kinarushwa nje kwenye nyasi.

Baba aliniita "mama", kwa sababu nilibeba jina la mama yake mzazi. Alilitamka kwa heshima, hata akinigombeza. "Mama, hapo ulipokaa ni karibu sana. Rudi nyuma ya gogo." Siku moja nilijipa moyo nikamwambia, "Baba, na mimi nataka kufua." Hakugomba. Alichuchumaa mbele yangu, akinuka makaa, akasema, "Mama, huko ndani si kwako. Ukiingia chuma kitakufa." Nilisikia mikono yake mizito mabegani kwangu, na nikatamani aendelee kunikatalia hivyohivyo mpaka jioni, mradi asiondoke.

Kisha likaja jambo la kuhama. Mjumbe wa nyumba kumi alipita kila mlango akisema kwamba watu wote watakwenda kukaa pamoja kando ya barabara, kutakuwa na shule, zahanati, bomba la maji na shamba la kijiji. Wapo waliofurahi, wapo waliokaa kimya. Baba aliuliza swali moja tu: "Na banda langu?" Akajibiwa atajenga jingine, kijiji kizima kitahitaji majembe.

Siku yenyewe kulikuwa na vumbi na kuku wanaopiga kelele. Kila mtu alibeba alichoweza. Wanaume wanne walikuja kumsaidia baba kubomoa banda. Nilikuwa nimesimama kwenye gogo, nikijua leo yule mwanamke atatoka. Niliwaza atakuwa amevaa nini, na mama atamtazama vipi. Wakaondoa nyasi upande mmoja, wakaondoa upande wa pili. Jua likaingia ndani.

Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na shimo la majivu. Kulikuwa na jiwe kubwa lililoliwa katikati kwa kupigwa, hilo ndilo lilikuwa fuawe lake. Kulikuwa na viriba viwili vya ngozi, vimelala kama mbuzi waliokufa, na Kasiano alipovikanyaga ili avikunje vikatoa pumzi ileile niliyoijua, huu, mara moja ya mwisho.

Nililia mpaka shangazi akaja kunishika. "Unalilia nyumba?" akaniuliza.

"Ndiyo," nikasema. Ningemweleza nini? Miaka yote ile nilidhani nafukuzwa kwa sababu ya mtu. Mtu anaweza kukasirika akatulia, anaweza kuhama, anaweza hata kufa. Sasa nimeona mle ndani hamna mtu wa kukasirika. Aliyekuwa anakatazwa ni mimi tu, kwa kuwa ni mimi.

Kijiji kipya kilikuwa na mistari ya nyumba iliyonyooka kama mahindi ya shamba la mfano. Mvua zilikuwa zinakaribia, na kila nyumba ilitakiwa itoe watu wa kulima shamba la kijiji, na majembe mengi yalikuwa yamepotea au kuvunjika katika kuhama. Mwenyekiti wa kijiji alikuja mwenyewe kumwambia baba aanze kazi hata kabla paa halijaezekwa. Baba akaanza, moto ukiwa uwanjani juani, na gogo jingine likalazwa mbele yake.

Wiki hiyohiyo likaja jina la Kasiano kutoka shuleni: amechaguliwa kwenda sekondari, Sumbawanga mjini. Kwa wakati ule hilo halikuwa jambo dogo; watu walikuja kutupa mkono wa pongezi. Baba alimnunulia sanduku la bati. Usiku wa kuamkia safari nilimsikia akisema, "Likizo utanisaidia."

Kasiano akajibu kwa sauti ya juu, kama alivyozoea kumjibu baba, "Baba, mimi mle sirudi. Samahani. Mimi mle kifua kinaniuma tangu nikiwa mdogo."

Asubuhi baba alimbebea sanduku mpaka barabarani.

Kijiji kilimpa mtu wa kuvukuta, Mzee Oresti, aliyesamehewa kazi ya shamba kwa ajili ya mgongo wake. Alikuwa mtu mwema, lakini alisinzia huku anavukuta. Na majembe yakaanza kuvunjika. Kila siku moja au mawili, yakipasuka chini ya nyundo. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mhunzi amehama bila kuaga wazee wake, ndiyo maana. Mwenyekiti alikuja mara mbili kuangalia. Nilimwona baba akigeuzageuza kipande cha chuma juani, anakikingia kivuli kwa kiganja, anakitazama kwa karibu kama mtu anayesoma barua asiyoielewa.

Mimi nilikuwa kwenye gogo na ungo wangu. Nilisikia kila kitu. Du, du, du. Sauti ikaanza kupanda. Nikangoja asimame, kama alivyosimama siku zote. Hakusimama. Ikawa nyembamba, ikaanza kulia, na baba bado ananyanyua nyundo kama kawaida.

"Baba, kimepoa!" nikapiga kelele. "Usipige!"

Alipiga. Chuma kikatoa sauti moja kavu, na jembe likawa na ufa kutoka juu hadi chini.

Mzee Oresti aliacha kuvukuta. Baba aliweka koleo chini, akaja hadi kwenye gogo, jasho linamtiririka. Nilidhani leo napigwa, maana nimeingilia.

"Umesema nini?"

"Nimesema kimepoa."

"Umeona?"

"Sikuona. Nimesikia. Kilikuwa kinalia."

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Huwa nakaa hapa."

Alirudi motoni, akaokota vipande viwili vya majembe, akaja navyo. Akagonga cha kwanza kwa nyundo ndogo. "Hiki kinasemaje, mama?"

"Kizima."

Akagonga cha pili. Mimi niliona kabisa ni jembe zuri, linang'aa. Lakini sauti yake ilikuwa kama ya chungu kilichopasuka. "Hiki kina ufa ndani," nikasema.

Alikiweka juu ya jiwe akakipiga kwa nguvu. Kikakatika vipande viwili.

Kesho yake asubuhi nilikuta amesogeza gogo. Sasa lilikuwa hatua nne tu kutoka motoni. Akaniambia nikae juu yake, nimpe mgongo, uso wangu uangalie barabara. "Sauti ikianza kupanda, sema rudisha. Sema kwa nguvu, hii mivukuto inapiga kelele."

Mzee Oresti aliguna. "Mtoto wa kike mbona karibu namna hiyo?"

"Amekaa nje," baba akasema. "Humwoni yuko nje?"

Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi na baba yangu msimu mzima wa kulima. Sikushika nyundo hata siku moja. Sikuona chuma kikiwa chekundu kwa kukitazama uso kwa uso. Nilitazama barabara, mbuzi, watu waendao shambani na bendera, na mgongoni nilisikia joto lile nililolitamani tangu nikiwa mdogo. Du, du, du, ti. "Rudisha!" Nyundo inanyamaza palepale. Likikamilika jembe anagonga, anauliza, "Linasemaje, mama?" Nami najibu. Halikuvunjika tena hata moja. Watu wakasema wazee wamekubali. Baba hakuwaambia kitu, na mimi niliambiwa nisiseme.

Ningesema nilifurahi, na kweli nilifurahi, lakini haikuwa furaha tupu. Kila siku nilijua kwamba nikigeuza shingo tu nitamwona baba na moto wake. Sikugeuza. Niliona nikigeuka atanirudisha nyuma, hatua kumi, au nyumbani. Nikakubali kupata nusu, kama mtoto anayekubali kulamba mwiko asubuhi akijua chakula chenyewe kitaliwa na wageni.

Iliisha siku ya kawaida kabisa, mahindi yakiwa yameshaanza kubeba. Nilikuwa nateka maji bombani, mama akaona doa nyuma ya khanga yangu, akanivuta kando. Hakugomba. Alinifunga kitambaa, akanieleza ninachotakiwa kujua, na mwishoni akasema, "Na kule kwa baba yako, basi. Hata kwenye gogo usikae tena."

"Mama, majembe yatavunjika."

"Wewe sasa umekua. Ukikaa pale wewe ndiye utakayeyavunja."

Sijui alimwambia baba nini. Kesho yake mimi nilikuwa jikoni nasaga ulezi, na kutoka kwenye banda, ambalo sasa lilikuwa na paa lake, fupi, lisilozuia jua kama lile la zamani, nilisikia nyundo. Sauti ikapanda. Ikalia. Niliacha kusaga. Mdomo wangu ulisema "rudisha" bila kutoa sauti, mara mbili, mara tatu. Baadaye kidogo nilisikia mpasuko. Kimya. Halafu nilimsikia baba akigonga jembe jingine, akiuliza kwa sauti kubwa, kwa mazoea tu, "Linasemaje, mama?"

Mzee Oresti akamjibu, "Unaongea na nani, mzee mwenzangu?"

Mwaka uliofuata duka la kijiji lilileta majembe ya kiwandani, mepesi, yamepakwa rangi. Baba aliuza mivukuto yake kwa mtu wa Namanyere na akaanza kulima ntumba zake, yale matuta yetu ya duara, kama mtu mwingine yeyote. Hakuna aliyelazimisha. Mimi nilimaliza darasa la saba, nikapelekwa chuo cha ualimu, nikaolewa, nikahamia mjini. Kwa miaka mingi nilibeba mambo mawili yasiyopatana: kwamba baba alinifungia nje, na kwamba mimi ndiye niliyemwangusha siku nilipoacha kwenda.

Mama ndiye aliyenifumbua macho, bila kukusudia. Alikuwa amekuja kwangu kutibiwa, tumekaa uani tunapiga soga, nikamlalamikia kwamba baba siku hizi ukimwongelesha hajibu.

"Siku hizi?" mama akasema. "Baba yako masikio yalianza kufa tangu tuko kule kijiji cha zamani. Nyundo ilimla. Alimsikia mtu pale tu anapopiga kelele. Kilio cha chuma ndicho kilichotangulia kumpotea."

"Mbona hakusema?"

"Angesema nini? Mhunzi kiziwi nani angempa kazi? Alikuwa anategemea macho. Tulipohamia kule juani, na macho nayo yakashindwa kuona wekundu. Ndiyo ukaja wewe." Akacheka kidogo. "Nilivyokutoa alikaa siku mbili hali chakula. Wakati ule sikujua, nilidhani ni wewe umemkosea."

Usiku ule sikulala. Nilizirudia moja moja zile siku za kikapu, naita "Baba, chakula!" mara nne, naondoka. Hakuwa amenikataa. Hakuwa amenisikia. Na msimu ule nilioamini ananionea huruma, ananirushia makombo ya kazi yake, kumbe alikuwa amenishika kama anavyoshika koleo, hana kingine. Nilifurahi kwa muda. Kisha nikaona kwamba bado kuna jambo halijajibiwa. Alijua ninachokijua. Alinihitaji. Na bado alinikalisha nimempa mgongo. Alikuwa na binti mmoja mwenye masikio ya mhunzi, akaona afadhali kazi ya baba zake ife kuliko kuniambia geuka.

Nikaamua kwenda kumuuliza. Kasiano, aliyekuwa ameshastaafu ukarani, alinikataza. "Muache mzee. Miaka yote hiyo, itakusaidia nini?" Nikamwambia wewe uliitwa ndani ukakataa, huwezi kujua.

Nilifika kijijini mchana, mvua ndiyo kwanza inaanza kudondoka, matone makubwa yanayotimua vumbi. Baba alikuwa amekaa ndani karibu na mlango, kwenye benchi, blanketi mabegani. Amekuwa mdogo. Nilisimama nje chini ya ukingo wa paa, kwa sababu nilijua nikishaingia na kukaa nitaanza kumuuliza habari za miguu yake na sitasema nililolijia.

"Shikamoo baba!" nikapaza sauti.

"Marahaba, mama. Marahaba." Macho yake yakang'aa.

"Baba, nimekuja kukuuliza jambo." Mvua ilikuwa inaongezeka kwenye bati. "Kwa nini hukuniruhusu kuingia?"

Alisogeza sikio mbele, akiweka kiganja nyuma yake. "Unasemaje?"

Niliita kwa nguvu zangu zote, sauti ikakatika katikati, na majirani nadhani walisikia. "Nasema kwa nini hukuniruhusu kuingia!"

Alinitazama nilivyosimama pale, maji yananichuruzika kichwani. Uso wake ukajaa mshangao, karibu na masikitiko. Akajisogeza kwenye benchi, taratibu, mfupa kwa mfupa, akanipa nafasi.

"Ingia, mama," akasema. "Unanyeshewa. Nani amekukataza?"